Kanada: Ardhi Iliyodhaniwa Haina Mwenyewe

Kanada ni nchi ya pili duniani kwa ukubwa baada ya Urusi, ikiwa na eneo la karibu kilomita za mraba milioni 10. Mwaka 2023 watu wake walifikia milioni 40, na wengi mno kati yao wanaishi katika ukanda mwembamba wa kusini, jirani na mpaka wa Marekani. Sababu ya kwanza ni ardhi. Karibu nusu ya nchi imelaliwa na miamba ya kale iitwayo Ngao ya Kanada, yenye misitu, maziwa yasiyohesabika na udongo haba usiofaa jembe. Kaskazini zaidi, ardhi ya chini haiyeyuki hata kiangazi.

Lakini jiografia haimalizi habari. Watawala waliofuatana waliamini kwamba pasipo shamba hapana mwenyewe, na imani hiyo imewagharimu wenyeji kwa zaidi ya karne tatu.

Mwaka 1608 Samuel de Champlain aliweka kituo cha Wafaransa Quebec, kando ya mto St. Lawrence. Biashara kubwa ilikuwa ngozi za biva, mnyama wa mitoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya. Wawindaji na wapiga makasia walikuwa wenyeji. Bila mitumbwi yao na ujuzi wao wa njia, Mzungu asingefika mbali. Hata hivyo, mwaka 1670 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliipa Kampuni ya Hudson's Bay nchi yote ambayo mito yake humwagika katika Ghuba ya Hudson. Wacree na Wainuit waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Ufaransa iliposhindwa na kukabidhi koloni lake la Kanada mwaka 1763, Waingereza walijikuta wakitawala Wakatoliki wasemao Kifaransa, na sheria ya mwaka 1774 ikawaachia dini yao na sheria zao za madai. Huko ndiko uliko mzizi wa Kanada ya lugha mbili.

Shirikisho la Kanada lilizaliwa tarehe 1 Julai 1867 likiwa na majimbo manne tu ya mashariki. Miaka miwili baadaye lilikubaliana kununua nchi ya Kampuni kwa pauni 300,000. Kwenye Mto Red waliishi Wametis, kizazi cha wanawake wa kienyeji na wafanyabiashara wa Kizungu. Mashamba yao yalikuwa vipande virefu vyembamba vinavyoanzia mtoni, kila familia ikipata maji, shamba na malisho. Kabla ununuzi haujakamilika, wapima ardhi wa serikali walifika na minyororo yao na kuanza kukata viwanja vya mraba. Oktoba 1869 Mmetis Louis Riel na wenzake waliwazuia. Upinzani huo ndio ulioizaa Manitoba mwaka 1870, ingawa ardhi waliyoahidiwa Wametis kwa sehemu kubwa iliwaponyoka.

Riel aliongoza upinzani tena Saskatchewan mwaka 1885. Safari hii serikali ilikuwa na reli, ambayo ilikuwa haijamalizika bado, lakini ilitosha kuwafikisha askari haraka. Nyati wa nyikani walikuwa wamekwisha kuangamizwa, na njaa ilikuwa imewadhoofisha Wacree. Reli ya Canadian Pacific ilikamilika tarehe 7 Novemba mwaka huohuo; Riel alinyongwa tarehe 16. Maelfu ya vibarua wa Kichina walioichonga milima ya magharibi walilipwa kwa kodi ya kichwa ya dola 50 kwa karibu kila Mchina aliyetaka kuingia nchini.

Tangu zama hizo watoto wapatao 150,000 wa wenyeji walipelekwa katika shule za bweni za serikali zilizoendeshwa na makanisa, wakakatazwa kusema lugha za mama zao. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Sioni namna ya kuisimulia jamii ya Kanada kwa haki bila kuzitaja.

Mlango wa uhamiaji, uliowapendelea Wazungu kwa miongo mingi, ulifunguka zaidi mwaka 1967, waombaji walipoanza kupimwa kwa alama za elimu, ujuzi na lugha. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, maelfu walipokewa Kanada. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, kisha akahamia Kanada, alitwaa Tuzo ya fasihi ya Giller ya kwanza mwaka 1994.

Kaskazini haki ya wenyeji ilikuja taratibu zaidi. Mwaka 1953 familia za Kiinuit kutoka Inukjuak zilihamishiwa visiwani, Resolute na Grise Fiord, kama kilomita 2,000 kaskazini, kwenye miezi ya giza tupu. Ziliahidiwa kwamba zikitaka zitarudishwa baada ya miaka miwili, ahadi ambayo haikutimizwa. Wahamishwa wanaamini walitumiwa kama bendera za kuthibitisha mamlaka ya Kanada kwenye visiwa hivyo. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Kabla ya hapo, tarehe 1 Aprili 1999, Wainuit walikuwa wamepata Nunavut, eneo lililo karibu moja ya tano ya nchi nzima, ambako lugha yao ni rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa.