Pensheni ya Leta: kwa nini wazee wa Kasongo na Kabambare hawataki kustaafu

Mwalimu aliyefundisha miaka 30 huko Kasongo au Kabambare, akifikia umri wa kustaafu, mara nyingi habanduki darasani. Macho yamechoka, magoti yanauma, lakini kila asubuhi yuko mbele ya ubao. Anajua kwamba siku jina lake litakapotoka kwenye listi ya mishahara, pensheni haitaingia siku hiyo hiyo. Vijana wanaongoja nafasi husema wazee ni wachoyo. Ukiangalia historia, lawama hiyo si ya haki.

Wakati wa Bulamatari, mpango wa pensheni kwa wafanyakazi Wakongomani uliwekwa kwa dekreti ya tarehe 6 Juni 1956, miaka 4 tu kabla ya uhuru. Mwaka 1961 ilizaliwa INSS, mfuko wa wafanyakazi wa makampuni: watu wa reli inayopita Samba, kwa mfano, au wachimba dhahabu wa Namoya. Watumishi wa Leta hawakuwamo. Pensheni yao ilitegemea hazina ya Serikali moja kwa moja, bila makato, bila akiba iliyowekwa pembeni kwa ajili yao. Hazina ikikauka, mstaafu hana mlango wa kubisha.

Na hazina ilikauka kweli. Sheria ya watumishi wa Serikali ya Julai 1981 iliahidi pensheni, na posho kwa mjane na yatima. Lakini pesa yenyewe ilikuwa inakufa mikononi mwa watu. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franka 1 ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Piga hesabu: franka 1 ni sawa na zaire za zamani miliari 300. Mzee aliyekuwa na miliari nzima ya zaire za kwanza asingepata hata sentimi 1. Dosie iliyochelewa miaka kadhaa ilimletea mwenyewe pesa isiyonunua hata kipande cha sabuni.

Kuna pia habari ya umbali. Hadi mwaka 1988 Maniema ilikuwa sehemu ya Kivu, na mambo ya jimbo yalikuwa Bukavu. Baadaye makao yakawa Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo kwa barabara ambayo kila mtu anaijua wakati wa mvua. Hata hivyo uamuzi wa mwisho ulibaki Kinshasa. Vita vya 1998 vikaja. Kindu iliangukia mikononi mwa RCD mwezi wa Oktoba mwaka huo, na nchi ikakaa vipande vipande hadi 2003. Waalimu na wauguzi waliendelea na kazi upande huu, mlipaji akiwa upande ule.

Watu waliishije? Kwa shamba kwanza. Mpunga, ambao Kasongo inaujua tangu enzi za Waungwana, mihogo, karanga, mawese: mtumishi wa Leta wa hapa karibu wote ni mkulima pia. Halafu kuna likilimba, ambapo kila mwezi mmoja anabeba mchango wa wote. Ubaya wake ni kwamba inadai mchango usiokatika. Mtu akiacha kupata mshahara, hutoka pia katika kundi, yaani hupoteza msaada wakati anapouhitaji zaidi. Kwa waalimu kulikuwa na mchango wa wazazi, ulioshika shule tangu miaka ya 1990 hadi elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019. Aliyebaki darasani alikula mchango huo, na aliyestaafu hakuonja kitu. Basi nani angekubali kutoka?

Mzigo mzito zaidi uko kwa familia zilizokimbia. Mapigano ya Mai-Mai Malaika kuzunguka Salamabila yaliwafukuza wengi kutoka vijiji vya Kabambare, na baadhi wakafika Kasongo na nguo za mwilini tu. Barua ya kuajiriwa, hati ya kupangiwa kituo, cheti cha ndoa, vyote viliachwa ndani ya nyumba. Kwa mjane, cheti hicho ndicho kinachomfanya awe mke wa marehemu mbele ya Leta, hata kama kijiji kizima kilikula ubwabwa wa arusi yake.

Desemba 2015 Serikali iliunda CNSSAP, mfuko wa watumishi wa umma wenyewe, na sheria ya Julai 2022 ikaweka utaratibu wake. Sasa mshahara unakatwa, na makato yanaandikwa kwa jina na namba ya matrikile ya mtu. Waliostaafu kabla ya mfuko kuanza walibaki katika utaratibu wa zamani, chini ya hazina ya Serikali. Kwa hiyo wazee wawili waliofundisha shule moja wanaweza kuwa katika njia mbili tofauti, na mwenye dosie hii akipeleka kwa wale, atarudishwa. Swali la kwanza kabla ya kulipia moto ya kwenda Kindu ni mwaka mzee, au marehemu mume, alioandikwa kuwa amestaafu. La pili ni kama namba ya matrikile ipo, hata ikiwa imeandikwa tu kwenye karatasi ya zamani ya mshahara.