Tabata, Vingunguti, Pugu: Historia Fupi ya Neno "Tupa"

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi cha jioni, niliokota chini ya kiti cha ukumbi wa mihadhara kifaa cha plastiki chenye unene wa kidole gumba, rangi ya waridi, kikinukia embe. Ilikuwa sigara ya kielektroniki, ile ambayo wanafunzi wangu huiita vepu, ya aina ya kuvutwa mpaka iishe kisha kutupwa. Sikutaka kuitia kwenye pipa. Jumamosi nikaibeba hadi Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikapita duka baada ya duka nikiuliza mahali pa kuirudisha. Kijana mmoja alinitazama kwa huruma, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema: "Tupa tu, mzee."

Jibu hilo lina historia ndefu, nayo inapita katika mahakama zetu.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Taka za jiji, zikiwemo za Kariakoo na katikati ya mji, zilikuwa zikimwagwa na kuchomwa karibu na nyumba zao, na moshi, harufu na nzi vilikuwa sehemu ya maisha yao ya kila siku. Mahakama Kuu iliamuru Jiji liache. Jiji halikuacha, likaomba muda, likaongezewa, na mwaka 1991 likarudi kuomba tena. Safari hii lilikutana na Jaji Lugakingira, ambaye alishangazwa na mamlaka ya umma kuja mbele yake kuomba kibali cha kuendelea kuwadhuru watu. Alilikatalia, na aliegemea Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Hati ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na ikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Hivyo miongoni mwa mashauri ya mwanzo kabisa yaliyoipa ibara hiyo uhai ni shauri la jalala. Huwaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza jambo hili kila mwaka, na kila mwaka hawaniamini mpaka wasome wenyewe.

Lakini ushindi wa Tabata haukuzimaliza taka. Malori yaligeuzia Kunduchi Mtongani, nako wakazi 795, Festo Balegele akiwa wa kwanza katika orodha, wakaenda mahakamani na kushinda. Likafuata dampo la Vingunguti, kando ya mto Msimbazi, ambao hubeba mizigo yake hadi baharini. Ikafuata Mtoni. Leo ni Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na wanaookota makopo huko juu ya kifusi ni raia wa Jamhuri hii hii. Kwa hiyo kijana wa Aggrey aliponiambia nitupe, alikuwa ananiambia nimpelekee mtu wa Pugu.

Wa rika langu tulikwisha kulifanya hilo bila kujua. Tulikua na betri za National, zilizotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam katika kiwanda cha Wajapani. Zikichoka tulizianika juani ili redio iimbe siku mbili zaidi. Zikifa kabisa tuliamriwa kuzipeleka shuleni, tukazivunja kwa mawe, tukachanganya ule unga mweusi na majani mabichi yaliyotwangwa, tukapaka ubao kwa mikono mitupu. Unga ule ni manganizi, na betri nyingi za zama zile zilitiwa zebaki kidogo. Hakuna mwalimu aliyetuonya, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwonya yeye.

Mwaka ule ule wa 1991, Jaji Lugakingira alipokuwa akiikataa hoja ya Jiji, kampuni ya Sony ilianza kuuza betri ya lithiamu. Mwaka 2003 mfamasia wa China, Hon Lik, akabuni sigara ya kielektroniki ya kisasa. Vitu hivi viwili vilipokutana ikapatikana taka ya namna mpya. Betri ya National ilikuwa ikivuja polepole. Ya lithiamu ikitobolewa au ikibanwa hupata moto kwa ghafla, moto unaotoa gesi ya sumu, nayo hubanwa hasa pale taka zinaposhindiliwa: kwenye lori, kwenye guta, kwenye kiroba cha mwokotaji. Ndani yake kuna pia masalia ya nikotini, ambayo ni sumu hata kwa kuguswa. Na mara nyingi kuna kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, kwa majirani zetu wa Kolwezi wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na shehena nyingi hupitia bandari yetu. Madini hupita Dar es Salaam kwenda nje, hurudi Kariakoo yakiwa na harufu ya embe, kisha huzikwa Pugu baada ya siku chache za kuvutwa.

Uganda ilizipiga marufuku sigara hizi katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Uingereza, ambako karibu milioni 5 zilikuwa zikitupwa kila wiki, ilizuia uuzaji wa zile za kutupwa kuanzia Juni 1, 2025. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tangu 2021 tunazo kanuni za taka za kielektroniki. Mwezi Juni 2019 tuliiondoa mifuko ya plastiki, na Kariakoo, ambayo wengi walisema haitatii, ilitii. Kwa hiyo sikubali hoja kwamba wafanyabiashara wetu hawaongozeki. Anayeshusha kontena la vifaa hivi anajulikana, ana leseni na namba ya mlipakodi. Aamriwe kuweka chombo cha kupokelea kila anapouzia, na agharimie safari ya kuvifikisha kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC. Ndugu zangu mlio katika ofisi za Jiji, hili halihitaji sheria mpya, linahitaji barua na ufuatiliaji.

Kwa anayekishika leo: usikivunje, usikichome, usikitie kwenye kiroba cha taka za nyumbani. Kiweke mbali na joto na mbali na watoto mpaka umpate wa kukipokea. Mafundi simu wa Kariakoo wanazijua betri hizi kuliko wahadhiri, nao ndio wangefaa kufundishwa na kulipwa kuzikusanya.

Kile changu kiko ofisini, ndani ya kopo la bati lililojaa mchanga mkavu. Tangu wanafunzi walijue kopo lile, wameniletea vingine sita.