Mlinzi wa Kondoo wa Anatolia

Kwetu pwani mtu akitaka kumtukana mwenziwe humwita mbwa, na mtoto akirambwa na mbwa njiani, mamake humrudisha nyumbani akaoshwe mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya madhehebu yetu ya Shafii, nasi hatuipingi. Lakini je, umepata kusikia habari za mbwa wa Kangal?

Kangal ni wilaya ya mkoa wa Sivas, nchini Uturuki, katika nyanda za juu za Anatolia ambako baridi ni kali na theluji huanguka. Wachungaji wa huko ni Waislamu kama wewe. Mali yao tangu kale ni kondoo, na adui yao ni mbwa mwitu, yule yule ambaye nduguze Nabii Yusuf (a.s.) walimsingizia mbele ya baba yao. Mlinzi wao ni mbwa wa rangi ya mchanga, mwenye uso mweusi, na dume lake hupata kilo 50 au zaidi.

Mbwa huyu hawaswagi kondoo huku na huku kama wafanyavyo mbwa wa wachungaji wa Uingereza. Tangu mdogo hulelewa kati yao, akalala nao, akazoea harufu yao, hata akawaona ndio jamaa zake. Adui akitokea hubweka, kisha husimama kati yake na kundi, na mara nyingi hilo latosha. Lisipotosha hupigana, na kwa hiyo mchungaji humvika shingoni ukanda wa chuma wenye miiba mirefu, asikabwe koo. Chakula chake ni unga wa shayiri uliokorogwa, na malazi yake ni nje.

Wala wachungaji hao hawakuvunja sheria. Mtume (s.a.w.) alipoonya kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, alimtoa katika onyo hilo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Wengi wetu twakariri onyo, na ruhusa iliyomo katika hadithi hiyo hiyo twaisahau.

Huko Namibia wafugaji walikuwa wakiwapiga duma risasi ili kuokoa mbuzi wao. Mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund likaanza kuwapa mbwa wa ukoo huu wa Anatolia, na hasara ikapungua sana. Duma akisikia mbweko hugeuka akaenda zake, kwani mwili wake ni wa mbio, si wa vita.