Kodi ya Chumba

Mwaka 1974, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu juzi tu, nilipangiwa shule moja ya msingi Dar es Salaam. Nilifika na sanduku la bati, godoro la sufi na barua ya ajira. Barua ilitaja shule, ilitaja mshahara, lakini haikusema neno juu ya mahali pa kulala. Nilizunguka Magomeni siku tatu nikiuliza kwenye vibaraza kama kuna chumba. Siku ya nne mama mmoja mjane akanitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Wewe ndiye mwalimu?" Nikaitikia. Akanifungulia chumba cha pili mkono wa kushoto, kwa shilingi 40 kwa mwezi, tena nilipe mwezi ukiisha.

Nyumba ile ilikuwa ya Kiswahili halisi: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, bafu na choo cha wote. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, na wapangaji tulikuwa watano. Vijana wa leo huiona nyumba ya namna hiyo kama alama ya umaskini. Mimi husema kwamba ndiyo iliyoujenga mji huu. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi: Wazungu walikaa Oyster Bay, Wahindi wakakaa mjini kati, na Waafrika wakaachiwa Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni na Temeke. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mfanyakazi Mwafrika aliyekuja mjini alipokelewa, mara nyingi, na Mwafrika mwenzake mwenye vyumba sita.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa vibanda vya makuti Magomeni na kwingineko na kujenga nyumba za matofali. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi mwaka 1990, shughuli zake zilipounganishwa na za Shirika. Lakini nyumba hizo hazikutosha. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta wakazi wa Dar es Salaam hawafiki laki tatu. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni tano na laki tatu. Walio wengi kati ya hao hawakupata kukaa nyumba ya serikali hata siku moja.

Sisi walimu wa miaka ile tuliyafundisha maneno ya Azimio kwa moyo wote. Darasani nilieleza kwamba anayeishi kwa kodi ni mnyonyaji, anakula jasho la mwenzake. Sikupata kujiuliza kama maneno hayo yalimhusu mama aliyenipa chumba kwa mkopo, aliyeniletea uji nilipougua malaria, na ambaye bila kodi zetu tano hakuwa na senti.

Mwaka 1985 mambo yalikuwa magumu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na shilingi ilikuwa imeisha nguvu. Wakati huo nilikuwa nimeoa, nina watoto wawili, tumeongeza chumba cha pili. Mama mwenye nyumba akatuita wapangaji wote ukumbini, akasema kodi itapanda zaidi ya mara mbili kwa kuwa paa linavuja na bati limekuwa ghali. Wenzangu walinung'unika tu. Mimi niliyesoma nilijua kwamba kuna sheria ya kudhibiti kodi, na kwamba mwenye nyumba hapandishi apendavyo wala hamtoi mpangaji bila amri. Nikaandika malalamiko kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikayapeleka kwenye baraza linalohusika, nikashinda.

Tulipotoka pale mama yule hakukasirika. Alisema, "Haya Mwalimu, umeshinda. Basi na bati kaliombe huko huko." Akafunga kanga yake akaondoka.

Masika iliyofuata ukuta wa nyuma ulilowa, ukaanguka nusu. Hakuweza kuujenga. Miaka michache baadaye aliiuza nyumba kwa mfanyabiashara, naye akatutoa sote. Yeye alihamia kwa mwanawe Temeke. Mara nyingi nilipanga kwenda kumsalimu, sikwenda.

Sisemi kwamba sheria ilikuwa mbaya. Bila hiyo, wengi wangetupwa nje na watoto wao usiku wa mvua. Nasema tu kwamba ilimkuta bepari mwenye ghorofa na mjane mwenye vyumba sita, ikawapima kwa kipimo kimoja. Nami niliyemjua mjane huyo kwa miaka kumi na moja nikakubali apimwe hivyo.

Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Mwaka jana mjukuu wangu, muuguzi, alitafuta chumba Sinza. Dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha mlango, na mwenye nyumba akataka miezi sita mbele. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa haujatoka. Nilipandwa na hasira, nikaanza kuhutubia kama enzi zangu za darasani. Mjukuu wangu akaniuliza kwa adabu, "Babu, kwani wewe kule Mbagala unachukua miezi mingapi?"

Nilinyamaza. Nina nyumba Mbagala niliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara na kiinua mgongo, ina vyumba vinne vya kupangisha. Nami nachukua miezi sita. Fedha nilizomlipia zilikuwa hizo hizo, na kati yake ilikuwamo kodi ya mwalimu kijana, mpangaji wangu wa chumba cha mwisho, ambaye alikopa kwa wenzake ili anilipe.

Mwezi uliofuata nilimwita kijana huyo barazani, nikamwambia kuanzia sasa atalipa mwezi kwa mwezi, tena mshahara ukitoka. Alidhani namfukuza. Ilinichukua muda kumwelewesha. Paa langu nalo limeanza kuvuja, na bati bado ni ghali.