Jani Kavu la Mwaka 1940: Utambuzi wa Virusi vya Mabaka Mekundu ya Mzabibu

Mwaka 2008, katika Bonde la Napa, California, mizabibu ilionekana kuwa na mabaka mekundu majanini, na zabibu zake zikapungua sukari. Dalili hizo zilishabihi ugonjwa wa kujikunja majani, lakini vipimo vya virusi vya ugonjwa huo havikuonyesha kitu. Kipimo hujibu lile tu kinaloulizwa: virusi vya kujikunja majani ni vya RNA, ilhali hivi vilikuwa vya DNA. Viligunduliwa baadaye, watafiti walipoacha kutafuta virusi mahususi na kusoma mfuatano wa asidi zote za kiini zilizomo katika mmea mgonjwa.

Jina lilikuwa jipya, ugonjwa haukuwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliripoti kuvikuta virusi hivyo katika sampuli kavu ya hifadhi ya mimea, iliyochumwa Kaunti ya Sonoma mwaka 1940. (Aliyeichuma hakuwa na habari ya alichokihifadhi.) Hivyo basi, kumbukumbu za miongo iliyofuata, ambazo zilitaja kujikunja majani kwa ushahidi wa macho pekee, hazina budi kusomwa upya: huenda baadhi ya mizabibu hiyo iliugua mabaka.