Bunduki ya Risasi Moja na Watu Waliopenda Shabaha

Msishangae kuona neno bunduki katika kurasa hizi. Kwetu neno hilo limeleta machozi mengi, wala hakuna haja ya kueleza. Lakini bunduki ninayotaka kusimulia leo haikufanyizwa kwa vita, wala kwa kufuata nyama porini. Ni nzito mno kwa safari, inapokea risasi moja tu kwa mara moja, na kazi yake ni kutoboa shabaha katikati, kisha kurudia kutoboa palepale. Watu walioipenda waliitolea fedha nyingi na miaka mingi, wakabishana juu yake kama wavuvi wanavyobishana juu ya mtumbwi.

Mwanzo wa mambo haya ni wa zamani sana. Katika miji ya Ujerumani, ya Uswisi, na ya Flandria kule walikotoka mapadri wengi waliowafundisha wazee wetu, wenyeji walikuwa na vyama vya kulinda mji. Vingi vilijiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Sebastiano, yule askari Mroma aliyechomwa mishale kwa ajili ya imani, ambaye sikukuu yake ni tarehe 20 Januari. Kwanza walitumia pinde, baadaye bunduki. Siku ya sikukuu yao waliinua ndege wa mti juu ya mlingoti mrefu, wakampiga kwa zamu. Aliyeangusha kipande cha mwisho aliitwa mfalme wa chama kwa mwaka mzima. Mfalme huyo pengine alikuwa mwoka mikate au fundi viatu, na kesho yake alirudi kazini kama kawaida.

Baada ya machafuko ya mwaka 1848 huko Ulaya, Wajerumani wengi, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, walivuka bahari kwenda Marekani. Walikaa Cincinnati, Milwaukee, New York, San Francisco na mahali pengine, nao walichukua desturi yao pamoja na mizigo. Wakafungua viwanja vyenye miti, muziki na pombe ya shayiri, baba akaenda Jumapili na mke na watoto. Hapo mtu alisimama wima kwa miguu yake, bila kuegemea kitu, akapiga shabaha iliyokuwa mbali yadi 200, yaani mita 183 hivi. Duara la katikati, lenye hesabu ya 25, lilikuwa na upana wa inchi moja na nusu tu. Jaribu kuona kitu hicho kutoka mlango wa kanisa hadi mwisho wa uwanja wa mpira, kisha uende mbali zaidi!

Je, mtu aliyetaka kuingia katika mchezo huu alichagua bunduki gani? Swali hili halikuwa dogo, kwani fundi seremala au mwuza nyama hakununua bunduki mbili. Aliyokosea kuichagua alikaa nayo.

Jambo la kwanza lilikuwa namna ya kufunga mtutu kwa nyuma. Kwa muda mrefu wajuzi walisema kwamba bunduki inayotiwa risasi kwa mdomo ndiyo inayolenga sawa, na ile inayofunguliwa nyuma ni ya haraka tu. Maneno hayo yalipata pigo tarehe 26 Septemba 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor karibu na New York. Waairlandi sita walishindana na Wamarekani sita kwa yadi 800, 900 na 1,000. Waairlandi walikuwa na bunduki za mdomo, Wamarekani walikuwa na zile za kufungua nyuma. Wamarekani walipata 934, Waairlandi 931. Mwairlandi mmoja alipiga katikati barabara, lakini katika shabaha isiyo yake, hata risasi hiyo haikuhesabiwa. Na Mmarekani wa mwisho, John Bodine, alikuwa amekatwa mkono na chupa iliyopasuka muda mfupi kabla ya zamu yake. Alifunga kidonda kwa kitambaa akapiga. Kwa hiyo ushindi ulikuwa mwembamba, na hatuwezi kusema kwamba siku ile ilimaliza ubishi wote. Hata hivyo, watu walianza kuziamini bunduki zile mpya.

Mafundi walikuwa wengi, nitataja wachache. Charles Ballard wa Worcester alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1861, na kiwanda cha Marlin kilifanyiza bunduki za jina lake tangu mwaka 1875. Wenzo wake ulifunguka kwa ulaini hata wazee wa viwanja waliipenda kuliko zote. Lakini chuma chake kilikuwa cha baruti nyeusi. Baruti mpya isiyo na moshi ilipofika, Ballard haikuwa ya kuaminiwa kwa nguvu zile. John Browning, kijana wa mji wa Ogden katika Utah, alipata hati yake mwaka 1879. Kiwanda cha Winchester kikanunua haki hiyo, na kuanzia mwaka 1885 kikatoa bunduki ambayo bonge lake la chuma linashuka na kupanda ndani ya fremu nzito, likiziba mtutu kama jiwe mlangoni. Hiyo haikuogopa baruti yoyote ya siku zake. Kiwanda cha Stevens, huko Chicopee Falls, kilikuwa na bunduki dhaifu kidogo iliyopendwa kwa bei yake, kisha mwaka 1903 kikatoa nyingine yenye nguvu.

Basi, mwenye kutaka nguvu alichukua Winchester, mwenye kutaka ulaini wa mkono alichukua Ballard. Kwa maoni yangu, yule wa kwanza alichagua vema zaidi, maana ulaini unaweza kuongezwa na fundi mwenye subira, lakini chuma laini hakiwi kigumu kwa kusuguliwa.

Jambo la pili lilikuwa mwili wa mpigaji. Anayepiga kwa kusimama anatikisika hata akizuia pumzi. Moyo wenyewe unamtikisa. Dawa yake ni uzito. Bunduki za namna hii zilifika kilo 6 na zaidi, na uzito mwingi ulikuwa mbele, ili mdomo wa mtutu usicheze. Chini yake palikuwa na mpini wa kushika kwa kiganja, na kiwiko kikakaa juu ya nyonga. Kitako kilikuwa na pembe mbili za chuma, moja chini ya kwapa na moja juu ya bega. Kifyatulio kilikuwa cha namna mbili: cha nyuma cha kutega, cha mbele cha kufyatua kwa mguso mdogo sana, kwa kuwa risasi inapaswa kutoka wakati uleule macho yanapokubali, kabla mkono haujahama.

Lakini kuna wapigaji wengine, wanaokaa mezani na kuweka bunduki juu ya egemeo. Hao hawapigani na mwili wao. Wanajaribu mtutu, baruti na upepo. Kwao pembe za kitako ni kero, mpini wa kiganja unazuia mbao isitulie, na uzito unaweza kuongezwa mpaka mtu asiweze kuinua. Wanataka mbao bapa chini, na darubini ndefu juu ya mtutu. Kwa hiyo anayetaka bunduki moja kwa kazi zote mbili hana budi kukubali hasara kidogo huku na huku. Wengi walifanya hivi: mpini unaofunguliwa kwa skrubu, na kitako cha pembe fupi. Mimi naona ni shauri jema kwa mtu asiye tajiri.

Siri kubwa hata hivyo ilikuwa mtutu. Hapa lazima nimtaje Harry Pope, aliyezaliwa mwaka 1861. Alichonga ndani ya mtutu mifereji minane inayozunguka kuelekea kushoto, tena mzunguko wake unaongezeka polepole kadiri unavyokaribia mdomo. Risasi yake ilisukumwa kutoka mdomoni hadi karibu na nyuma, baruti ikaingia kwa nyuma ndani ya ganda, na ganda lilelile likajazwa tena mezani baada ya kila pigo, siku nzima. Ni kazi ya taratibu kama kusuka mkeka. Mwaka 1901, huko Colorado, C. W. Rowland alitumia mtutu wa Pope juu ya egemeo, akapiga risasi kumi kwa yadi 200, na matundu yote yalipimwa ndani ya inchi 0.725 toka kati hadi kati, yaani milimita 18 hivi.

Pope alihamia San Francisco, akafungua karakana. Mara, tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la nchi na moto viliangamiza mji, na vyombo vyake vya kazi viliteketea. Alianza upya huko Jersey City, akachonga mitutu hata uzeeni, wateja wakingoja miaka. Alikufa mwaka 1950.

Vyama vyenyewe vilipigwa na tetemeko la namna nyingine. Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani juu ya Ujerumani, na watu wakaanza kuwatazama vibaya majirani wenye majina ya Kijerumani. Kusema lugha ya mama, au kuimba wimbo wa mababu uwanjani, kulikuwa kosa machoni pa wengi. Mwaka 1920 pombe ikakatazwa na sheria. Viwanja vikauzwa, nyumba zikajengwa juu yake, bunduki zikawekwa darini. Watu wale walikuwa wamekaa nchini miaka sitini, na wengine walizaliwa humohumo.

Mwaka 1948 wapenzi wa bunduki hizo walianzisha chama chao huko Marekani, nacho kipo hata leo. Wanashindana kwa kusimama na kwa kukaa mezani, kwa yadi zilezile 200, na risasi za madini ya risasi iliyochanganywa na bati, ambazo wengi huziyeyusha wenyewe nyumbani. Bado wanabishana kama Ballard inaipita Winchester.