Ndai Imekataa Kuwaka Garsen? Cheki Swichi ya Klachi Kabla Uite Fundi

Umekanyaga klachi, umezungusha ufunguo, ndai imenyamaza ji. Ukiwa Nairobi hiyo ni stori ndogo. Ukiwa Garsen, na Malindi iko zaidi ya kilomita 100 nyuma yako, ni noma. Barabara ya kwenda Witu na Lamu kuna nyakati polisi husindikiza magari kwa msafara, na msafara haungoji mtu anapiga stata.

Swichi ya klachi ni kale kadude kako juu ya pedali, chini ya dashibodi. Inakata moto wa stata mpaka ukanyage klachi hadi chini, ndio gari isiruke ikiwa kwa gia. Mandinga nyingi za kitambo hazina hii kitu, so inama uangalie kama kuna swichi yenye waya hapo kabla uilaumu.

Anza na taa. Zikififia ukizungusha ufunguo, ama usikie tiki-tiki-tiki, hiyo ni betri au terminali chafu. Mlio mmoja mzito, shuku stata. Lakini taa ziking'aa na kuwe kimya kabisa, sasa tuko kwa swichi.

Toa kapeti kwanza. Kapeti nene inaweza kuzuia pedali kufika chini, na watu wamewahi kulipa fundi juu ya hiyo tu. Halafu tafuta karaba kanakosukuma swichi. Joto la huku hukausha hizo vitu zinavunjika, unapata vipande vimelala miguuni mwa dere. Ukifinya swichi na kidole huku mwenzako akiwasha na gari iitike, swichi ni poa, shida ni karaba. Ka-bolti kadogo kitakusukumia siku mbili tatu.

Ikikataa bado, chomoa plagi. Ukiona kijani ndani, ni maji. Mafuriko ya Mto Tana ya Novemba 2023 yalifunika barabara, na gari iliyopita kwa maji inaweza kuoza waya polepole bila kukuambia. Kwangua, rudisha, jaribu. Ukiwa na mita, pima swichi ikiwa imechomolewa: ukifinya, njia ifunguke, ukiachilia, ikatike. Ikikaa vilevile pande zote, imekufa.

Kufika nyumbani, unganisha hizo waya mbili za plagi na kipande cha waya. Hapa uwe makini aki: gia kwa nyutro, hendibreki juu, na msee yeyote asisimame mbele. Toka saa hiyo gari itaruka ukiwasha ikiwa kwa gia, hakuna cha kuizuia. Waya ukiunganisha na kimya kiendelee, swichi si mshukiwa tena. Angalia fiuzi, relei na waya mwembamba wa stata.

Na kama huna hata waya? Betri ikiwa na moto, tafuta vijana wanne, gia ya pili, wasukume. Swichi haina kazi hapo.